Mapigo Kumi

Profira hakuuona mwisho wa mbio hata mara moja.
Ndivyo ilivyo kazi yao: mgongo mbele, uso nyuma,
wanakokwenda hawakuoni.
Mimi ndiye niliyeona. Kilo hamsini pamoja na kofia,
nimejikunyata mkiani, kamba za usukani vidoleni,
magoti yake yakija, yakienda, karibu na kidevu changu.
Miaka kumi na mmoja niliusoma uso ule
kuliko nilivyousoma wa mume wangu.

Walimpata Bukovina, kijiji cha mbao na theluji.
Kocha Haralamb alizunguka na utepe wa fundi cherehani
akisaka mabinti warefu kama mtu atafutaye nguzo.
Akamsimamisha mlangoni pa zizi, utosi ukagonga mbao ya juu.
Akampima mikono. Akanyamaza.
Mama mtu aliuliza swali moja tu:
"Huko wanakula nyama?"

Miaka kumi na sita, na hajawahi kuona maji
mapana kuliko hori la ng'ombe.
Wiki ya kwanza Snagov alilia usiku,
si kwa viganja, viganja vilishaota sugu za kukamua,
bali kwa kuwa alfajiri ilifika
na hapakuwa na chuchu ya kushika.

Kasia humfundisha mtu kwa kumchuna.
Ngozi ikabanduka, ikarudi, ikabanduka.
Barafu iliposhika ziwa tukahamia ukumbini,
kwenye mashine za minyororo,
jasho likifanya kidimbwi chini ya kila kiti.
Februari moja ubavu wake ulipata ufa.
Hakusema. Niliusikia mimi, ndani ya pumzi:
kituo kidogo kabla ya kuvuta,
kama mtu arukaye ngazi iliyooza.
Nikamwambia daktari.
Siku kumi na tisa hakunipa hata salamu.

Tulishinda, ndiyo. Poznan, Lucerne, tena Poznan.
Medali moja ya shaba alimvalisha Joiana, ng'ombe wao;
picha ipo, na Joiana ndiye pekee aliyetazama kamera.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Fainali. Upepo wa ubavuni. Waholanzi kushoto,
pua yao sambamba na kiti chetu cha tatu.
Uso wa Profira ulikuwa umekwisha:
midomo ya buluu, macho wazi, ndani hamna mtu.
Nikatazama maboya.
Yalibaki mapigo kumi na manne.
Nikapiga kelele: kumi!

Akatoa. Na saba nyuma yake wakatoa,
hata ile akiba mtu anayoiweka ya kurudia nyumbani.
Nane. Tisa. Kumi.
Na mstari bado.
Yale manne ya mwisho sijui waliyavuta kwa nini,
labda kwa hasira, labda kwa mazoea.
Tulishindwa kwa dhiraa moja.
"Fedha nayo ni nzuri," walituambia uwanja wa ndege,
na maua yakanyauka ndani ya selofeni.
Hakuna aliyeniuliza hesabu.

Mwaka jana nilipanda basi saa tisa nzima
na neno lililonichachia mdomoni tangu siku ile.
Nilimkuta zizini, mgongo umepinda kidogo,
kichwa amekiegemeza ubavuni mwa mjukuu wa Joiana.
Hakuinuka. "Kaa," akasema, akanisukumia ndoo tupu.
Nikakaa kifudifudi pale chini, kama zamani,
magoti yake karibu na kidevu changu.

"Yalikuwa kumi na manne," nikamwambia.
Maziwa yalipiga bati, twi, twi,
kwa mwendo ule ule niliokuwa nikimpigia mimi.

"Matano," akajibu. "Kumi na matano. Nilihesabu.
Ungesema kweli ningeacha kasia palepale."

Kisha akakunja uso:
"Mshike mkia huyu, ananichapa machoni."
Nikamshika.